Meza ya Napoli: Jinsi Fedha za Wageni Zilivyojenga Sayansi ya Bahari

Katikati ya karne ya 19, mtu aliyetaka kuchunguza viumbe wa baharini wakiwa hai alijitwika kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa sayansi yenyewe. Ya pili, iliyommaliza nguvu na muda, ilikuwa kujitafutia kila kitu: chumba cha kupanga karibu na pwani, wavuvi wa kupatana nao bei kwa lugha asiyoijua, ndoo, chupa, dawa za kuhifadhia, hadubini na masanduku ya vitabu yaliyosafirishwa toka mbali. Maji yaliyotekwa alfajiri yalikuwa yameshapata joto na kuchafuka ifikapo adhuhuri, na viumbe waliokuwa ndani yake walikufa kabla hawajamaliza kuchorwa. Likizo ilipokwisha, mtafiti alifungasha vitu vyake akarudi kwao, na mwenzake aliyekuja mwaka uliofuata alianza upya. Fedha za safari hizo zilikuwapo, maana vyuo, serikali na matajiri walizitoa. Kilichokosekana ni mahali ambapo fedha hizo zingebaki na kuzaa baada ya mgeni kuondoka. Historia ya sayansi ya bahari tangu wakati huo inatufundisha jambo ambalo wafadhili wengi hawajalishika hadi leo: fedha ya kumwezesha mwanasayansi mgeni huzaa matunda ya kudumu inapolipia nafasi katika nyumba yenye mwenyeji, na hupotea inapolipia safari peke yake. Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Napoli, kusini mwa Italia.

Mtu aliyeliona tatizo hilo na kulitafutia dawa ni Anton Dohrn. Alizaliwa mwaka 1840 katika mji wa Stettin, ambao wakati huo ulikuwa wa Prussia na leo uko Poland kwa jina la Szczecin. Ukoo wake ulitajirika kwa biashara ya sukari, na baba yake, Carl August Dohrn, alikuwa mjuzi wa wadudu aliyefahamika Ulaya nzima. Kijana huyo alisoma katika vyuo kadhaa vya Ujerumani, na huko Jena, kwa mwalimu wake Ernst Haeckel, akakutana na mafundisho ya Charles Darwin. Kuanzia hapo alitaka kuonyesha asili ya wanyama wenye uti wa mgongo kwa kufuatilia jinsi viinitete vya viumbe wa baharini vinavyokua. Majira ya baridi ya mwaka 1868 kuingia 1869 alikaa Messina, kisiwani Sicilia, pamoja na Mrusi Nikolai Miklouho-Maclay. Walipanga vyumba, wakaweka humo tangi la kuchukulika ambalo Dohrn alitoka nalo Scotland, wakahangaika kama wote waliowatangulia. Muda wa kuondoka ulipokaribia, wawili hao walijiuliza kwa nini vyombo na vitabu vile visibaki palepale vikamsubiri mtafiti mwingine. Dohrn akaanza kuwaza mlolongo wa vituo kandokando ya bahari za dunia, mtafiti ashuke popote, afanye kazi yake, aende zake, kama abiria anavyoshuka katika stesheni za gari moshi.

Wazo lilikuwa zuri, lakini mawazo mazuri hayalipi waashi. Dohrn alichagua Napoli kwa sababu mbili: ghuba yake ina viumbe wengi wa kila namna, na mji wenyewe ulikuwa mkubwa, ukitembelewa na watalii wengi. Alikuwa ameona jinsi watu wa Berlin walivyofurika katika akwariamu ya mji wao, akapiga hesabu kwamba viingilio vya akwariamu ya namna hiyo vingeweza kulisha maabara. Baada ya mashauriano marefu, halmashauri ya mji ilimpa kiwanja katika bustani ya kifalme ufukweni. Ujenzi ulianza mwaka 1872, watafiti wa kwanza wakapokewa Septemba 1873, na Januari 1874 akwariamu ya ghorofa ya chini ikafunguliwa kwa umma. Fedha zilitoka kwa baba yake, kwenye mfuko wake mwenyewe, katika mikopo, na kwa wanasayansi wa Uingereza waliochanga, akiwamo Darwin, ambaye pia alitoa vitabu vyake kwa maktaba ya kituo. Hesabu ya viingilio haikutimia. Watalii walikuja na kulipa, lakini mapato yao hayakutosha kuwalipa wafanyakazi, kununua makaa ya mawe ya kuendesha pampu na kujaza rafu za maktaba. Kilichokiokoa kituo ni utaratibu mwingine ambao Dohrn alikuwa ameubuni sambamba na akwariamu: kukodisha meza.

Utaratibu huo ulikuwa mwepesi kueleweka. Serikali, chuo kikuu au chama cha kisayansi kilitia saini mkataba na kulipa ada ya mwaka kwa ajili ya meza moja. Kwa Wamarekani, ada hiyo ilikuwa dola 500 kwa mwaka. Mlipaji alipata haki ya kumtuma mtafiti yeyote amtakaye, na huyu akiondoka kabla ya mwaka kwisha, mwingine angeweza kuja kuishika nafasi yake. Aliyefika alikuta meza yake tayari: vyombo vya kioo, kemikali, matangi yenye maji ya bahari yanayopita mfululizo, maktaba iliyo hatua chache tu, na wafanyakazi wa kumhudumia. Hakuna aliyemuuliza anachunguza nini wala kwa nadharia ya nani. Hakulazimika kumsaidia mkurugenzi katika utafiti wake, wala kuweka jina la mkurugenzi katika makala yake. Prussia na mataifa mengine ya Kijerumani yalikodi meza, Italia na Urusi nazo zikakodi, na vivyo hivyo Chuo Kikuu cha Cambridge na Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi. Mwaka 1874 Francis Balfour, kijana wa Cambridge, alikuwa tayari ameketi Napoli akichunguza ukuaji wa papa, kazi iliyomfanya kuwa mmoja wa mabingwa wa elimu ya viinitete wa zama zake. Dohrn alipofariki mwaka 1909, wanasayansi zaidi ya 2,200 walikuwa wamepita pale, na meza zaidi ya 50 zilikuwa zikikodishwa kila mwaka.

Ada ya meza ilinunua kitu ambacho hakuna nauli inayoweza kukinunua, nacho ni ujuzi unaolimbikizwa mahali pamoja. Mfano ulio wazi ni Salvatore Lo Bianco, mtoto wa Napoli aliyeanza kazi kituoni mwaka 1874 akiwa kijana wa miaka 14 hivi. Hakusomea chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wavuvi, kuyatambua waliyoleta na kuyagawa mezani kwa watafiti kulingana na maombi yao. Kwa miaka mingi alijifunza mahali ambapo kila kiumbe hupatikana, kina gani, na mwezi gani hubeba mayai. Orodha alizochapisha za majira ya kuzaa ya wanyama wa ghuba ile zilimwezesha profesa aliyeko nchi ya mbali kupanga safari yake ili afike wakati mayai anayoyataka yapo. Taarifa ya namna hiyo haipatikani kwa ziara ya wiki sita. Inahitaji mtu anayeamka kila siku kwenye ufuo uleule, mwaka baada ya mwaka, na anayelipwa mshahara kwa kufanya hivyo.

Lo Bianco alikuwa pia fundi asiye na mfano wa kuhifadhi viumbe. Wanyama laini wa baharini wana tabia ya kujikunja wanapoguswa na spiriti, na mtu anayepokea kielelezo cha namna hiyo hapati chochote cha kusoma isipokuwa donge la nyama. Lo Bianco aliwalewesha kwanza. Wale wanaojishika miambani na kufungua mikono yao kama petali za ua, aliwafunika kwa kengele ya kioo na kupuliza humo moshi wa tumbaku hadi wakalegea, kisha akamalizia kwa dawa nyingine. Wengine aliwatilia klorali kidogokidogo majini mpaka wakapoteza fahamu wakiwa wamenyooka. Yavuyavu walihitaji dawa tofauti na kasi tofauti. Mwaka 1890 alichapisha mbinu zake, aina kwa aina, na maabara nyingi zikazifuata. Vielelezo vyake viliuzwa kwa majumba ya makumbusho na vyuo vya nchi nyingi, vikaongeza pato la kituo. Hivyo ada ya mgeni ilimlipa mwenyeji, mwenyeji akawa mjuzi, na ujuzi wake ukawa sababu ya wageni wengine kuja.

Faida ya mzunguko huo inaonekana katika majaribio ya Theodor Boveri ya mwaka 1901 na 1902. Boveri, profesa wa Würzburg, alitaka kujua kama kromosomu zote za seli ni sawa kwa kazi zake, au kila moja ina yake. Alitumia mayai ya mnyama wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, yule ambaye wavuvi wetu huchunga wasimkanyage wakati wa maji kupwa. Kwa kuzidisha mbegu za kiume, alipata mayai yaliyoingiwa na mbegu mbili badala ya moja. Yai la namna hiyo hugawanyika mara moja kuwa seli nne, na kromosomu zake hugawanywa ovyo, seli moja ikipata nyingi na nyingine chache, bila mpango. Boveri alizitenganisha seli hizo kwa kuziweka katika maji ya bahari yaliyoondolewa kalisi, mbinu iliyovumbuliwa na Curt Herbst, mtafiti mwingine wa Napoli. Karibu zote ziliharibika, lakini kila moja iliharibika kwa namna yake. Kama kromosomu zingekuwa sawa, seli zingetofautiana kwa nguvu tu. Kwa kuwa zilikosa vitu tofauti, ilimaanisha kila kromosomu ina sifa zake. Hii ni moja ya nguzo za elimu ya urithi ya leo. Marcella O'Grady, mke wake Mmarekani aliyekuwa mwanabiolojia, alishirikiana naye katika kazi hiyo. Tuangalie kilichohitajika: mayai mabichi kila siku, maji safi, mbinu ya jirani wa meza nyingine, na uhuru wa kufanya jaribio ambalo halikuahidi faida yoyote kwa uvuvi wala kwa dola.

Uhuru huo ndio sehemu ya utaratibu ambayo wafadhili huiona kuwa ya hatari zaidi, na historia inaonyesha kuwa ndiyo iliyolipa zaidi. Mwaka 1908 Otto Warburg, akiwa bado kijana, alipima Napoli kiasi cha hewa ya oksijeni inayotumiwa na mayai ya mnyama yuleyule wa miiba, akakuta yai lililotungishwa hutumia oksijeni mara kadhaa zaidi ya lisilotungishwa. Kazi yake juu ya upumuaji wa seli, iliyoanzia hapo, ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1931. Katika masika ya 1951, Mmarekani James Watson alikuwa Napoli kwa ufadhili uliotolewa ili asome kemia ya viumbe. Katika mkutano uliofanyika kituoni hapo alimsikia Maurice Wilkins wa London akionyesha picha ya DNA iliyopigwa kwa eksirei. Watson akaamua kubadili njia na kwenda Cambridge. Wafadhili wake hawakupendezwa na uamuzi huo, wakamfupishia ruzuku. Miaka miwili baadaye yeye na Francis Crick walitangaza umbo la DNA, na mwaka 1962 wakashiriki Tuzo ya Nobel na Wilkins. Asemaye kwamba hayo yalikuwa bahati yuko sahihi, ila bahati ya namna hiyo hukaa katika nyumba ambamo watu wa fani na nchi mbalimbali wanakutana bila kulazimishwa kufuata mpango mmoja. Mlipaji wa meza hawezi kuagiza ugunduzi. Anachoweza ni kuitunza nyumba ambamo ugunduzi una nafasi ya kutokea.

Mfumo huo uliigwa, na walioiga ni wageni wenyewe. Charles Otis Whitman, mmoja wa Wamarekani wa kwanza kufanya kazi Napoli mwanzoni mwa miaka ya 1880, mwaka 1888 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Maabara ya Biolojia ya Bahari ya Woods Hole. Mwaka huohuo Waingereza walifungua maabara yao ya Plymouth. Edmund Wilson, aliyekaa Napoli mwaka 1883, akawa mwalimu mkuu wa elimu ya seli nchini Marekani, na ni mwanafunzi wake, Walter Sutton, aliyefikia hitimisho linalofanana na la Boveri kwa kuchunguza panzi. Thomas Hunt Morgan naye alipita Napoli katikati ya miaka ya 1890 kabla ya kupata umaarufu kwa nzi wa matunda. Mtu akizihesabu faida za kituo kwa makala zilizoandikwa pale pekee, atakuwa ameacha nje sehemu kubwa: wageni waliondoka na namna ya kufanya kazi, wakaipandikiza kwao.

Lipo pingamizi la kwanza, tena zito. Je, meza hizi hazikuwa starehe ya mataifa tajiri na ya wanaume wa vyuo vikubwa? Kwa sehemu kubwa ndivyo zilivyokuwa. Lakini tukiutazama utaratibu wenyewe, tunaona kuwa ulifungua mlango ambao vyuo vilikuwa vimeufunga. Meza haikumuuliza mtu cheo chake cha uprofesa. Ilimtaka awe na mlipaji. Ida Hyde, Mmarekani aliyepata shahada ya udaktari Heidelberg mwaka 1896 baada ya kupambana na maprofesa wasiotaka mwanamke darasani, alifanya kazi Napoli, akarudi kwao na kuhamasisha vyuo vya wanawake na watu binafsi wachangie meza ya wanawake. Chama kilichoundwa mwishoni mwa miaka ya 1890 kililipa ada hiyo mwaka hadi mwaka na baadaye kikaanzisha tuzo ya dola 1,000 kwa utafiti bora wa mwanamke. Nettie Stevens, aliyewahi kufanya kazi Napoli, aliipata tuzo hiyo mwaka 1905, mwaka uleule alioonyesha kwamba jinsia ya mdudu hutegemea kromosomu. Kwa hiyo ubaguzi ulikuwa katika mifuko ya walipaji, na dawa yake ikawa kuanzisha mfuko mwingine. Hilo ni funzo kwa kila kundi linalojiona limeachwa nje.

Pingamizi la pili lilitoka Ufaransa. Henri de Lacaze-Duthiers alianzisha kituo cha Roscoff mwaka 1872, na fahari yake ilikuwa kumpokea mtafiti bila kumtoza. Sayansi, kwa maoni yake, haikodishwi. Hoja hii ina heshima yake, na ikiwa dola inalipa gharama zote kila mwaka bila kukosa, hakuna haja ya kumdai mgeni. Tatizo ni kwamba ukarimu wa bure huwa na mlipaji mmoja tu, na mlipaji huyo akiishiwa au akibadili nia, mlango hufungwa. Napoli nayo haikujitosheleza kwa ada pekee. Kuanzia mwaka 1880 hivi ilipata ruzuku ya dola ya Ujerumani, baada ya wanasayansi wakubwa wa Berlin kuiombea. Lakini ruzuku hiyo ilitolewa kwa kituo ambacho tayari kilikuwa na wapangaji wa mataifa mengi, na wingi wa walipaji ndio uliompa mkurugenzi nguvu ya kutomtumikia yeyote kati yao. Penye wapangaji hamsini, hakuna mmoja anayeweza kuamrisha.

Pingamizi la tatu ndilo linalotugusa zaidi: nyumba ile ilikuwa ya nani? Ilijengwa Italia, lakini mkurugenzi na wasaidizi wake wakuu, akina Hugo Eisig, Paul Mayer na Wilhelm Giesbrecht, walikuwa Wajerumani, na Wanapoli wengi waliokuwa humo walikuwa wavuvi, mafundi na watumishi. Lo Bianco alipanda kwa kipaji chake, lakini kupanda kwake kulikuwa jambo la nadra. Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, Reinhard Dohrn, mrithi wa baba yake, alilazimika kuondoka na kituo kikachukuliwa na serikali. Alirejeshwa mwaka 1924, kituo kikiwa sasa taasisi chini ya sheria za Italia, na mwaka 1982 kikawa taasisi ya kitaifa yenye jina la mwanzilishi. Wapo wanaoitumia historia hii kusema kwamba mfumo wa meza ni dhaifu. Mimi naisoma vingine. Kilichokuwa dhaifu ni umiliki wa familia moja ya kigeni. Mfumo wenyewe ulivuka vita viwili vikuu, kwa sababu watafiti wa nchi nyingi walitaka kurudi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Napoli ilichelewa kutimiza nusu ya pili ya usemi huo, na ilipoitimiza ndipo kituo kilipotulia.

Pwani ya Afrika Mashariki iliijua nusu ya kwanza tu kwa muda mrefu. Mwaka 1888 Mjerumani Franz Stuhlmann alifika Unguja kukusanya viumbe. Mwaka 1901 na 1902 Mwingereza Cyril Crossland alikusanya wanyama wa baharini Unguja na pwani ya Kenya, akiungwa mkono na Sir Charles Eliot, mtawala wa kikoloni aliyekuwa pia bingwa wa konokono wa baharini wasio na kombe. Kazi zao zilikuwa za makini, na majina waliyoyapa viumbe wetu yanatumika hadi leo. Lakini vielelezo vilikwenda Ulaya, makala zikachapishwa Ulaya, na pwani haikubaki hata na chumba chenye tangi. Wavuvi waliowaonyesha miamba na kuwatajia viumbe hawakupata nafasi aliyoipata Lo Bianco, kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kuwaajiri mgeni alipoondoka. Hapa tofauti kati ya fedha ya safari na fedha ya meza inaonekana waziwazi, maana bahari ilikuwa na utajiri uleule na wataalamu walikuwa wa daraja lileile.

Nyumba ilikuja baadaye. Katika miaka ya 1950 Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Bahari la Afrika Mashariki lilikuwa na makao yake Unguja na meli yake ya utafiti, Manihine. Msafara mkubwa wa kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliomalizika mwaka 1965 baada ya kukusanya meli zipatazo 40, ulipopita upande huu, walau palikuwa na mwenyeji wa kushirikiana naye. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja nalo likasambaratika, na kila nchi ikaanza lake: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja mwaka 1978, na Kenya ikaanzisha taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, makao makuu Mombasa, mwaka 1979. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliokamilika 1982 na kuanza kufanya kazi 1994, uliipa kila nchi ya pwani haki ya kutoa au kunyima kibali cha utafiti katika eneo lake la kiuchumi, kushiriki katika utafiti huo kwa kupanda meli, na kupewa takwimu na sampuli zinazogawanyika. Ni ushindi mkubwa wa kisheria. Hata hivyo, haki ya kupanda meli ya mgeni kwa wiki tatu haimfanyi mtu kuwa na maabara, na nakala ya takwimu haina faida bila mtu mwenye mshahara wa kuzichambua.

Ndiyo maana hatua iliyochukuliwa kuanzia miaka ya 1990 ina uzito zaidi kuliko inavyosifiwa. Mwaka 1993 wanasayansi wa nchi za magharibi mwa Bahari ya Hindi waliunda chama chao, WIOMSA, chenye makao Unguja, na kuanzia mwaka 2000 kikasimamia mfuko wa ruzuku wa MASMA uliogharimiwa na Sweden. Maombi yalitoka kwa watafiti wa ukanda wenyewe, wakilazimika kushirikiana na wenzao wa nchi jirani. Fedha ilikuwa ya nje, lakini mlango wa kuipitia ulikuwa wa ndani, na mtafiti wa Ulaya aliyetaka kushiriki alikuja kwa mwaliko wa mwenyeji. Udhaifu wake ni uleule wa Roscoff: mlipaji mkuu mmoja. Kinachokosekana bado ni wapangaji wengi, yaani vyuo vya nje na vya ndani vyenye mikataba ya miaka mingi na taasisi zetu, vinavyolipa nafasi hata katika mwezi ambao havina mtu wa kumtuma.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa meza umepita. Satelaiti hupima joto la bahari, vinasaba husomwa maabara yoyote duniani, na takwimu husafiri kwa intaneti. Ulaya yenyewe haikubaliani nao. Kuanzia mwaka 2009 Umoja wa Ulaya, kupitia mradi wa ASSEMBLE na ule uliofuata, uliwalipia watafiti wageni nafasi katika vituo vya bahari vya nchi zake, Napoli na Roscoff vikiwamo. Kituo kilifidiwa gharama za kumpokea mgeni, na mgeni akapewa viumbe hai, vyombo na mafundi. Ni meza ya Dohrn kwa jina jipya, na imedumu kwa kuwa pweza anayejifunza, matumbawe yanayopauka au yai linalogawanyika havitumwi kwa barua pepe. Na maswali makubwa ya leo kwenye miamba yetu, kama vile matumbawe yapi yanahimili joto na kwa nini, yanadai kiumbe yuleyule afuatwe msimu kwa msimu na mtu anayeishi karibu naye.

Kwa hiyo neno langu kwa pande tatu ni hili. Vyuo vya nje vinavyotuma watafiti wao Unguja, Mombasa, Gazi au Mafia vilipe ada ya mwaka kwa taasisi mwenyeji, kwa mkataba wa miaka isiyopungua mitano, badala ya kumpa kila mwanafunzi nauli na kumwacha atafute chumba. Wafadhili wakubali kulipia fundi wa maabara, mtunza maktaba, pampu ya maji na mvuvi mjuzi, hata kama vitu hivyo havipendezi katika ripoti. Serikali zetu nazo, zinapotoa kibali cha utafiti, zidai nafasi iliyolipiwa ndani ya taasisi zetu pamoja na ile ada ya karatasi, na zitenge fedha zao ili sehemu ya meza hizo ikaliwe na vijana wetu wenyewe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya msafara mmoja wa meli, na kitakachobaki ni cha kwetu.